Tupeane uzoefu: mauzauza ya usiku, yaliyopata maelezo na yaliyokosa

Mwana Magomeni (mleta mada)
Wakuu, tangu mvua zianze kila mtaa una nyumba inayosemwa "ina wenyewe". Mara vishindo juu ya bati, mara taa inawaka na swichi imezimwa, mara mtoto analia juu ya mwembe saa nane usiku. Naomba uzi huu uwe wa kazi. Unayejua tukio la ajabu, la hapa au la mbali, tuwekee lilivyoanza, lilivyochunguzwa, na kipi mpaka leo hakijajibiwa. Za "shangazi yake rafiki yangu" tuziache.

Naanza na bati. Bati la chuma la mita 6 juani laweza kufika nyuzi 60. Usiku likishuka hadi 27 linasinyaa milimita 2 na kidogo. Ni padogo, lakini misumari imelibana, kwa hiyo linavumilia, linavumilia, halafu linaachia kwa mkupuo: ta! Vishindo hivyo vina saa zake: baada ya magharibi, na dakika za mwanzo za mvua, maji baridi yanapolikuta bati la moto. Ukisikia hatua zinatembea saa tisa usiku, hilo si bati. Nyunyiza majivu au unga darini kabla ya kulala, asubuhi usome nyayo. Mara nyingi ni paka au panya buku.

Fundi Buguruni
Nakazia. Na hiyo ya taa haina jini, ina fundi aliyefunga swichi ikakata nyutro (waya unaorudisha umeme) badala ya laivu (waya unaouleta). Taa za LED hazihitaji umeme mwingi kuonyesha mwanga hafifu, na laivu ikibaki kwenye holda, kiasi kidogo hupenya kupitia nyaya zilizolala sambamba au unyevu wa ukutani. Kupima: zima swichi, chomoa taa, gusa vituo vya holda kwa testa kimoja kimoja. Testa ikiwaka, laivu haijakatwa. Zima meini swichi kwanza, ndipo uhamishe waya. Hili msilichukulie poa, maana anayebadilisha taa akijua kazima, anapigwa shoti.

Swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha nayo hufanya hivyohivyo hata kama waya uko sawa.

Bi Hindu Ilala
Mtoto wa mwembeni ni komba. Wapo kuanzia Pugu mpaka kwenye miembe ya uani. Mmulike kwa tochi, utaona macho mawili mekundu yanaruka tawi hadi tawi.

Kaka Mbagala
Na mabomba yanayoguna ni mgao wa maji. Maji yakirudi usiku yanasukuma hewa mbele yake. Fungua koki ya chini kabisa ya nyumba, iache itoe hewa, utasikia mguno unaisha.

Nesi Zamu ya Usiku
Mmeanza na mepesi, ngoja niweke zito. Mwaka 1921 daktari wa macho Mmarekani, William Wilmer, aliandika kisa cha familia moja iliyohamia nyumba kubwa ya zamani. Walisikia hatua na kengele, wakaona watu wasiokuwepo, watoto wakapauka, na kila mtu alikuwa na kichwa kinachouma. Chanzo kilikuwa tanuru bovu la kupasha nyumba joto, lililokuwa likimwaga moshi wake ndani.

Gesi yenyewe ni kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, na inajishika kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikifika sehemu 200 kwa milioni hewani, kichwa kinauma ndani ya saa 2 au 3. Ikifika 800, kizunguzungu na kichefuchefu vinaanza ndani ya dakika 45, na kifo ndani ya saa 2 hadi 3. Hapa Dar chanzo si tanuru. Ni jiko la mkaa linaloingizwa ndani mvua ikinyesha, chetezo cha udi kilichojaa makaa kwenye chumba cha AC kilichofungwa, na jenereta lililowekwa koridoni. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayodanganya watu.

Ukiona nyumba nzima wanaumwa kichwa usiku na wanapona wakitoka nje, usianze kutafuta mchawi. Watoe wote nje, kisha ndipo uulize.

Kaka Mbagala
Kwa hiyo nikiacha dirisha wazi kidogo nalala na jiko salama?

Nesi Zamu ya Usiku
Hapana, mdogo wangu. Dirisha moja haliaminiki, upepo ukigeuka unairudisha. Jiko litoke nje.

Mhaya wa Sinza
Mmenikumbusha ugonjwa wa kucheka wa kwetu Kagera. Ulianza tarehe 30 Januari 1962, shule ya bweni ya wasichana Kashasha, na wasichana watatu tu. Kufikia tarehe 18 Machi shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wameshikwa. Wengi huwaza watu wanachekacheka kwa furaha. Sivyo. Walicheka, wakalia, wakakimbia ovyo wakiogopa kitu nyuma yao, na walioshikwa waliwapiga waliowazuia. Shambulio moja lilichukua dakika chache hadi saa kadhaa, likaondoka, likarudi. Walimu hakushikwa hata mmoja. Wasichana waliporudishwa makwao likazuka kijijini Nshamba, watu 217 kwa miezi miwili. Damu ikapimwa, chakula kikatazamwa, sumu haikuonekana wala kidudu. Hakuna aliyekufa. Shule 14 zilifungwa kwa nyakati tofauti.

Madaktari waliliandika kama hofu ya pamoja, na ikumbukwe uhuru ulikuwa na wiki chache tu na shule za bweni zilikuwa kali. Nakubali. Lakini kwa nini lilichukua umbo la kicheko, hapo maelezo yanapwaya.

Nakubali Tu
Kweli kabisa.

Pemba Asili
Naona mnaelekea kusema Popobawa, lile jini linalosemwa hukaba watu usiku, naye ni hofu tu. Mwaka 1995 Pemba na Unguja watu walilala nje barazani, familia nzima, moto umewashwa. Watu wazima, wenye akili zao.

Daktari Mwanafunzi
Kaka Pemba, hakuna anayesema walidanganya. Anayekabwa na jinamizi anaona kweli na anaelemewa kifuani kweli. Usingizini kuna hatua ya ndoto ambapo ubongo unalegeza misuli ili usitende unachoota. Ukiamka akili kabla ya mwili, ndoto inaendelea macho yakiwa wazi. Hudumu sekunde chache hadi dakika chache. Takriban watu 8 kati ya 100 limewapata angalau mara moja. Kulala chali kunaliita, na kukosa usingizi kunalizidisha. Ndiyo maana mtaa mzima ukikesha kwa woga siku tatu, siku ya nne wanaokabwa wanaongezeka.

Pemba Asili
Kitabu chako hakielezi kwa nini linahama mtaa hadi mtaa, wala kwa nini 2007 lilivuka bahari likaja hapo kwenu Dar.

Daktari Mwanafunzi
Habari ndiyo inayohama, na mwili unafuata habari. Ukali wa jambo lenyewe siubishi: 1995 mtu mwenye matatizo ya akili aliuawa mjini Unguja akidhaniwa ndiye Popobawa. Kwangu hicho ndicho cha kutisha kuliko vyote. Anayekabwa ajaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu, avute pumzi taratibu, alale kwa ubavu.

Bi Hindu Ilala
Na asome Ayatul Kursiy. Havigombani, wanangu.

Baharia Mstaafu
Nimesoma hiyo ya gesi ya Nesi nikakumbuka Ziwa Nyos, Kameruni. Nipeni nafasi, kisa ni kirefu.

Tarehe 21 Agosti 1986, kama saa tatu usiku. Asubuhi yake mabonde yalikuwa kimya. Nyumba zimesimama, hakuna moto, hakuna mlango uliovunjwa. Watu wamelala pale walipokuwa, wengine mlangoni, wengine jikoni. Taa za mafuta zilikuwa zimezimika na mafuta bado yamo. Walikufa watu zaidi ya 1,700 na mifugo kama 3,500, hata kilomita 25 kutoka ziwani. Waliosalimika waliamka baada ya saa nyingi hawajui ni siku gani. Ziwa lililokuwa la buluu lilikuwa jekundu.

Likasemwa bomu, likasemwa laana, kwa sababu kule kuna simulizi za kale za maziwa yanayoua. Na simulizi zilikuwa na ukweli wake: miaka miwili nyuma, Ziwa Monoun lilikuwa limeua watu 37. Chini ya Nyos, mita 200 na ushei, kabonidayoksaidi ya volkano huyeyuka majini na kubanwa na uzito wa maji ya juu, kama soda kwenye chupa. Usiku ule kizibo kilifunguka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo ilitiririka bondeni kama mto, ikaisukuma hewa pembeni. Wekundu ni chuma cha maji ya chini kilichopanda juu kikakutana na hewa. Wengine walisikia harufu ya baruti au mayai viza, na wataalamu wanadhani ni pua iliyodanganywa na gesi yenyewe. Mwaka 2001 lilishushwa bomba mpaka karibu na sakafu, likawa linarusha maji juu kama chemchemi ili gesi itoke kidogokidogo.

Ila kilichofungua kizibo usiku ule, kama ni maporomoko, mvua au upepo, bado wanabishana.

Mwana Magomeni (mleta mada)
Dah. Mzee, nimesoma mara mbili.

Kaka Mbagala
Mimi bado nasema bomu.

Baharia Mstaafu
Bomu lisilovunja hata kioo, kijana wangu?

Mhaya wa Sinza
Na Ziwa Kivu je? Ni jirani yetu kabisa.

Baharia Mstaafu
Kivu ina kilomita za ujazo kama 300 za kabonidayoksaidi na 60 za methani, na methani sasa inavunwa kwa ajili ya umeme. Upande wa Goma, Kongo, wenyeji wana neno lao kwa kabonidayoksaidi inayotuama ardhini: mazuku. Inatulia mabondeni usiku na alfajiri upepo ukilala, ndiyo unaona mbuzi wamekufa shimoni bila jeraha. Mtoto mfupi anaanguka, mzazi aliyesimama hana habari, anainama kumwokota, naye haamki.

Mpenda Anga
Mbona mnaeleza kila kitu? Taa za bonde la Hessdalen, Norwei, kati ya 1981 na 1984 zilionekana hadi mara 15 au 20 kwa wiki. Tangu 1998 kuna kituo kinachozipiga picha chenyewe. Zipo, zimepimwa, na hakuna jibu moja lililokubalika. Acheni na hilo lisimame.

Nakubali Tu
Hapo sawa.

Fundi Buguruni
Wakuu, hayo mazuku yapo hapahapa Dar, kwenye chemba za vyoo na visima vya kuchimba. "Shimo lina jini, limechukua wawili" maana yake wa kwanza kakosa hewa, wa pili kaingia kumwokoa. Shusheni mshumaa kwanza, ukizima, msiingie.

Nesi Zamu ya Usiku
Fundi, samahani, kisimani labda, chemba ya choo usithubutu. Mle kuna methani, mshumaa utalipua. Na msitegemee harufu ya mayai viza: ile gesi yake ikizidi sehemu 100 kwa milioni inaitia pua ganzi, unadhani imeisha.

Fundi Buguruni
Nimekubali, nafuta la mshumaa kwa chemba. Basi mfuniko wazi tangu jana yake, upepo wa blowa usukumwe hadi chini kwa bomba, sio juu tu.

Kaka Mbagala
Na mwenzangu akianguka chini?

Nesi Zamu ya Usiku
Ndiyo maana anashuka na kamba imefungwa kifuani, na juu wapo wawili. Mnamvuta kwa kamba. Hamshuki.