Wakala wa akili mnemba kavuruga katalogi ya maktaba yetu, na mabadiliko yote yana jina langu!

Wakuu, heshima kwenu. Nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni mkutubi, mwaka wa kumi na nne sasa kwenye maktaba ya marejeo. Kwa wasioijua, maktaba ya aina hii haiazimishi. Unakuja, unakaa, unasoma, kitabu kinarudi rafuni. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mwezi uliopita uongozi ulileta wakala wa akili mnemba aje kupanga makusanyo. Siyo ile programu ya kuuliza swali ikakujibu. Huyu anaingia kwenye mfumo mwenyewe: anafuta rekodi, anaunganisha, anabadili namba. Niliomba aanze na rafu moja, na kila anachopendekeza nikipitie kabla hakijaingia. Nikaambiwa nachelewesha maendeleo. Akafunguliwa katalogi nzima, tena kwa akaunti yangu, kwa sababu ndiyo yenye ruhusa zote. Kazi iliisha usiku mmoja.

Kulipokucha akaja mwalimu mstaafu, msomaji wetu wa kila Jumanne, akaomba Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981. Katalogi inaonyesha ya 2013 tu. Wakala ameona toleo la 1981, la 2004 na la 2013 yana jina moja, akayahesabu kuwa nakala za kitabu kimoja na kuyaunganisha. Mzee alitaka kuona neno fulani lilielezwaje wakati ule, na kwa kazi kama hiyo toleo jipya halimsaidii chochote. Nilikwenda rafuni nikamletea kwa mkono. Kesho atakuja mwanafunzi asiyenijua, ataangalia kompyuta, ataondoka akiamini hatuna.

Nikaanza kukagua. Muyaka bin Haji, mshairi wa zamani wa Mombasa ambaye sote tunamtafuta kwenye M, amegeuzwa kama Mzungu, jina la mwisho mbele, kwa hiyo sasa yuko kwenye H, kwa jina la baba yake! Washairi wote wenye "bin" wamefanywa hivyo. Tanganyika nayo imebadilishwa kuwa Tanzania kila mahali, hata kwenye ripoti za serikali za miaka ya 1920, wakati jina Tanzania limeanza kutumika Oktoba 1964. Mtafiti akiandika jina lililo kwenye jalada, anapata sifuri. Tenzi zilizokuwa kwenye namba 896.392 ya Dewey, mfumo wa kupanga vitabu kwa mada, yaani fasihi ya Kiswahili, zimehamishiwa 297 kwenye Uislamu. Nadhani ni kwa kuwa zinafunguliwa kwa Bismillahi.

Hayo yanaumiza, lakini yanarekebishika. Kilichoninyima usingizi ni orodha ya vitabu vya kuondolewa.

Wakala aliagizwa atafute vitabu visivyotumika. Akapima kwa idadi ya mara vilivyoazimwa, akakuta sifuri. Jamani, hatuazimishi! Kila kitabu tulichonacho kina sifuri, hata kinachosomwa kila siku mpaka jalada limechakaa. Hakuna aliyemwambia hivyo, na hakuna aliyeniuliza mimi. Akachukua vya zamani zaidi kati ya hivyo vyenye sifuri akaviweka juu ya orodha, na bosi akasaini. Namba moja ni majuzuu yetu ya Mambo Leo, gazeti lililoanza 1923. Mle mna mashairi na barua za watu wa kawaida wa Tanganyika, watu ambao huenda hawakuandika kitu kingine maishani mwao. Nimewaona wahudumu wakiyafunga kwenye maboksi. Karatasi kuukuu katika mji huu huishia kufungia maandazi, wote mnajua.

Nilipopiga kelele, nikapewa barua ya kujieleza. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha kwamba mimi ndiye niliyefuta, mimi niliyeunganisha, saa nane usiku, rekodi moja baada ya nyingine. Nilikuwa nyumbani nimelala. Mwenye kompyuta ya ofisini anajua hivyo, aliyetoa nywila yangu anajua hivyo, na bado barua imeandikwa.

Msinielewe vibaya. Kuna majina mengi yaliyokosewa herufi ambayo chombo hiki kingeweza kunionyesha kwa dakika chache, nami ningeshukuru. Mapendekezo nayataka. Nilichokataa ni kukipa kalamu bila mtu wa kusoma kilichoandikwa.

Sasa nahitaji msaada wa haraka. Maboksi yapo stoo na lori linakuja Jumatatu. Mfumo wetu ni Koha, programu ya kuendesha maktaba, na kumbukumbu za uorodheshaji, zile zinazoandika kila badiliko la katalogi, zilikuwa zimewashwa, kwa hiyo rekodi zilizobadilishwa, jinsi zilivyokuwa kabla ya usiku ule, zinapaswa kuwemo. Nakala ya akiba ipo pia, lakini ni ya zamani, nikiirudisha napoteza kazi ya wiki tatu. Aliyewahi kutoa rekodi za kabla kutoka kwenye kumbukumbu hizo na kuzirudisha kwa wingi, anielekeze hatua kwa hatua. Na mwenye uzoefu wa sheria za kazi: barua natakiwa kuijibu kabla ya Ijumaa, niandike nini kuhusu akaunti iliyotumiwa bila mimi kuwepo?