Chumba cha chini ya nyumba Wete: futingi ya sentimita 60, 90, au jamvi zima?

mkaazi_wa_limbani
Assalaam alaykum. Kiwanja changu kiko kwenye mteremko, Wete. Nyuma ardhi iko juu, mbele inashuka bondeni, kwa hiyo nataka chumba cha chini kilichozama nyuma na kuwa wazi mbele. Juu yake slabu, halafu nyumba ya kawaida ya bati. Fundi wangu anasema futingi, ule mkanda wa zege chini ya ukuta, iwe na upana wa sentimita 60, "ndiyo kawaida yetu". Fundi wa pili anasema 90. Mhandisi kaniambia niwaze jamvi zima la zege, litandazwe chini ya nyumba yote, na bei yake imenikosesha usingizi. Nimfuate nani?

kwerekwe71
Waalaykum salaam. Mimi ushauri wangu achana na chumba cha chini. Huku kwetu Mwanakwerekwe, masika moja jirani alikuta tangi lake tupu la plastiki limetoka shimoni, limeelea kama ngarawa. Maji ya ardhini hayana mchezo.

zege_na_nondo
Kwerekwe, wewe uko bondeni, mwenzako yuko mlimani. Tusimtishe bure.

Limbani, "kawaida yetu" ni ya nyumba isiyo na chumba chini. Upana unatoka kwenye mzigo, ukiugawa kwa uwezo wa udongo. Chukua mita moja ya ukuta wa nje, vyumba vya mita 4. Ukuta wa zege wa chini, unene sentimita 20 na kimo mita 2.5: tani 1.2. Slabu pamoja na sakafu na watu ni kama kilo 700 kwa mita mraba, na ukuta huu unabeba nusu ya chumba: tani 1.4. Ukuta wa juu wa tofali za kulaza: 1.2. Paa: 0.3. Ongeza futingi yenyewe, unafika karibu tani 5.

Kinamo kilichoshikana kiasi kinabeba tani 7.5 hadi 15 kwa mita mraba. Ukishika ile ndogo, 5 kwa 7.5 ni sentimita 67. Basi 60 imeshaanguka. Ukuta wa kati unabeba slabu za pande mbili, unafika tani 6.5, nao unataka 87. Fundi wa pili hakukosea, ila muulize unene. Futingi ya 90 chini ya ukuta wa 20 inachomoza 35 kila upande. Isipokuwa na nondo, unene nao usipungue 35, la sivyo inakatika kama biskuti.

jambiani_mawe
Kwetu maweni 60 inatosha na kubaki. Lakini hata jiwe lina hila, chini yake huwa na pango. Mimi nilipiga mtaimbo kila hatua moja kabla ya kumwaga zege, pahala pamoja ukalia kama ngoma. Tulichimba, tukajaza zege.

bi_mkubwa_chake
Nyote mnahesabu mzigo wa kwenda chini tu. Mwanangu, nyumba yako nyuma ina udongo, mbele haina. Udongo wa mita 2.5 unasukuma ukuta karibu tani 2.8 kwa kila mita, na maji yakijaa nyuma yake inapita tani 4. Nyumba nzima inasukumwa bondeni! Weka kokoto na bomba la kutolea maji nyuma ya ukuta, litoke mbele kwa mteremko wenyewe. Na usifukie udongo kabla slabu ya juu haijakauka, maana ndiyo inayoshika kichwa cha ukuta. Sisi tulifukia mapema kwa pupa. Ufa ule mpaka leo unapitisha mkono wa mtoto.

mkaazi_wa_limbani
Bi mkubwa, hilo hakuna aliyenambia. Na jamvi je?

zege_na_nondo
Ahsante bi mkubwa. Jamvi litakufaa udongo ukiwa laini. Udongo ukibeba tani 5 tu kwa mita mraba, ukuta wa kati unataka futingi ya mita 1.3, na hapo mikanda inaanza kukaribiana, bora uunganishe. La pili ni maji: yakipanda mita moja juu ya kitako cha sakafu yanaisukuma tani 1 kwa mita mraba, na sakafu ya sentimita 15 ina kilo 360 tu. Inanyanyuka. Chimba shimo lipite kina cha futingi kwa mita moja na nusu, uliache siku mbili, kisha finyanga udongo wa chini kwa vidole.

mkaazi_wa_limbani
Nimerudi. Shimo lina siku ya tatu, kavu. Juu udongo mwekundu, chini kinamo cha kijivu. Kukifinyanga mpaka nitumie nguvu hasa, dole gumba linauma. Ila upande wa mbele, pembe ya muembe, kinabonyea kama unga wa chapati.

zege_na_nondo
Pembe hiyo usimwage kitu. Mwite mhandisi aione kwa macho yake. Na muembe huo, uko mita ngapi kutoka ukutani?