Mafundi wa kompyuta Kisumu, kwani kila ugonjwa dawa yake ni kupiga fomati?

Wadau, leo mnivumilie, nina hasira. Nina saiba ndogo hapa Kondele, na mashine ya kaunta inatumia Linux. Juzi imemaliza apdeti, kuiwasha upya inagoma. Skrini nyeusi, mistari imejipanga, na mmoja wapo unasema: "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)". Ni mwisho wa Juni, watu wa ritani za kodi za KRA wamejaa hadi mlangoni. Nikaikimbiza kwa fundi mmoja mjini.

Jamaa hata hakuketi. Akaitupia jicho mara moja: "Bosi, diski imekufa. Nunua nyingine, ama nipige fomati tuone." Mkono mwingine tayari umeshika flashi ya Windows! Na faili za wateja je? "Hizo sahau." Nikamuuliza kama amesoma kilichoandikwa pale. Ati hizo ni kelele tu za Linux. Halafu akadai pesa ya kuangalia. Kuangalia nini, na hakuangalia?

Hizo "kelele" ndizo zilizotaja ugonjwa. Sufuri mbili za mwisho zina maana kwamba keneli, yaani kiini cha Linux, imeamka vizuri lakini haioni diski yoyote. Haijasema diski ni mbovu, haijafika huko. Mara nyingi kinachokosekana ni initramfs, lile faili linalopakiwa pamoja na keneli likiwa na draiva za kuifikia diski. Apdeti huleta keneli mpya, ikikuta /boot, sehemu ya kuhifadhi faili za kuwashia mashine, imejazwa na keneli za zamani, faili hilo linakosa pa kuandikwa. GRUB nayo, ile programu inayoorodhesha keneli za kuwasha, bila aibu, inaiweka hiyo keneli nusunusu juu kabisa ya orodha.

Nikabeba mashine yangu nikaondoka. Kwenye menyu ya GRUB nikachagua keneli ya zamani, ikawaka papo hapo. Amri ya df -h /boot ikaonyesha imejaa asilimia 100, kama nilivyoshuku. Nikaondoa keneli zilizopitwa na wakati, nikaandika update-initramfs -c -k na namba ya keneli mpya ili faili lililokosekana liundwe, kisha update-grub ili orodha isasishwe. Basi. Hakuna faili hata moja lililopotea.

Kinachoniuma ni mwalimu au mama wa duka asiyejua GRUB ni mdudu gani. Huyo angelipia diski asiyoihitaji, apoteze hadi picha za harusi, na bado aseme asante.

Kama kuna fundi hapa Kisumu anayesoma skrini kabla ya kushika flashi, ataje mtaa wake hapa chini, nina wateja wa kumtumia. Na wewe uliyepigiwa fomati wiki hii, kama ni diski ya kuzunguka, izime sasa hivi, usihifadhi kitu kipya. PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, huenda ikakurudishia baadhi. Ikiwa ni SSD, ile isiyozunguka, pole sana.