Mjadala: mtoto agawe kwa mkono, au simu imgawie?

Wandugu wa Bukavu, wazazi wa shule yetu wamegawanyika. Wengine wanataka watoto wa mwaka wa sita waruhusiwe kikokotoo cha simu, wengine hawataki hata kukisikia. Mimi mwalimu niko na hawa wa pili, na nasema kwa nini.

Mwezi uliopita akina mama wa muso moja ya Kadutu (kikundi cha kuweka akiba pamoja) walivunja sanduku: faranga milioni moja, watu saba. Simu ikatoa 142857 na mkia mrefu. Kila mmoja akapokea 142,850, ikabaki noti ya 50. Hesabu hiyo nikaipeleka darasani, simu nikaiacha mfukoni.

Tukagawa 1 kwa 7 ubaoni. Kumi kwa saba: 1, baki 3. Thelathini: 4, baki 2. Kisha baki 6, baki 4, baki 5, halafu 1. Msichana wa dawati la mbele akaruka: "Mwalimu, tumerudi tulikotoka!" Ndiyo hapo. Ukigawa kwa saba bila kuisha, mabaki yanayowezekana ni sita tu, kwa hiyo lazima moja lijirudie, na likijirudia tarakimu zote zinaanza mzunguko upya.

Wakazidisha 142857 kwa 2: 285714. Kwa 3: 428571. Kwa 6: 857142. Tarakimu zilezile, foleni ileile, ila kila mara inaanza na mwingine. Kwa 7 ikawa 999999, na kelele zikafika ofisini kwa mkurugenzi.

Mama muuza sambaza (samaki wadogo): Shikamoo mwalimu. Mteja akinipa dola nimrudishie faranga, wengine wamepanga mstari nyuma yake. Nina muda wa kuhesabu mabaki? Binti yangu anajua simu, hadanganywi na mtu. Hiyo 142857 yenu ni mchezo wa watoto.

Mwalimu: Marahaba mama. Sokoni simu itumike, sina ubishi, na hata darasani ije baadaye kukagua daftari. Ninachokataa ni itangulie. Baada ya kugawa kwa saba watoto walitaka kujua kama kila nambari inafanya vile. Kumi na tatu ikawavunja moyo: 076923, tarakimu sita tu, nao walitegemea kumi na mbili. Wakahamia 17. Simu yangu ilionyesha tarakimu chache ikakata, hakuna mzunguko wowote unaoonekana. Mvulana mmoja wa nyuma hakuacha. Alijaza ukurasa mzima kwa penseli, akafuta, akakosea baki moja, akarudia, kengele ikalia yeye bado ameinama. Mwishowe akaniletea daftari: 0588235294117647, tarakimu kumi na sita, halafu baki 1.

Mama, huyo mtoto ningempa simu asubuhi ile, angefika wapi?