Mrejesho: Mama amerudi kundini

Bwana asifiwe wapendwa. Niliuliza kama mama, aliyekaa miaka bila Chakula cha Bwana (ule mkate na divai ya kanisani) kwa kuishi na baba bila ndoa ya kanisani, ni lazima arudi kundini, yaani atubu na kupokelewa tena, mbele ya washarika au toba ya chumbani inatosha. Mlionielekeza kwa mzee wa kanisa, asanteni.

Mchungaji alisoma naye Zaburi 51, ile ya Daudi baada ya nabii Nathani kumjia kumkemea dhambi yake. Kwenye “uniumbie moyo safi” mama akaomba wasimame kidogo. Akaambiwa msamaha ni wa Mungu, 1 Yohana 1:9. Kurudi kundini ni utaratibu wa usharika. (Si mngesema mapema, jamani!)

Ndoa imebarikiwa, mama kashiriki. Sasa anaamka saa kumi alfajiri kuomba kwa sauti, nyumba nzima hatulali.