Yule jaji wa midahalo asikabidhiwe tena karatasi ya alama, Lindi wala Mtwara

Mwalimu_wa_Mdahalo:

Wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima, ingawa heshima yenyewe imebaki kidogo baada ya yaliyotokea ukumbini jana alasiri. Simtaji mtu jina kwa kuwa hapana haja: kila aliyewahi kupeleka timu ya mdahalo kati ya Kilwa na Masasi anamfahamu, suti yake anaifahamu, na kikohozi chake cha kabla ya kutangaza mshindi anakifahamu vilevile.

Mada ilikuwa kwamba mifupa ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale wa kilima cha Tendaguru, iliyoko Berlin irejeshwe Lindi. Vijana wangu waliunga mkono hoja, na walikuwa wamejiandaa hadi wengine wakawa wanaota mifupa usiku. Walieleza jinsi Wajerumani walivyochimba kilimani pale kati ya mwaka 1909 na 1913, jinsi wapagazi walivyoibeba shehena ile kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, na kwamba msimamizi mkuu wa kazi machimboni alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo nathubutu kusema jaji alilisikia kwa mara ya kwanza, kama alilisikia. Wapinzani walipodai kwamba hatuna jengo lenye hewa ya kuhifadhi mifupa hiyo, mzungumzaji wetu wa tatu, binti wa kidato cha tatu, alisimama akawajibu kwamba mifupa hiyo ilikaa Lindi miaka ipatayo milioni 150 bila kiyoyozi na haikuwahi kulalamika. Ukumbi mzima uliangua kicheko, na mtunza muda akasahau kugonga kengele.

Sasa sikilizeni maoni ya jaji. Alikohoa, akafunua karatasi yake, akamtazama mtoto wa watu mbele ya wazazi na walimu wake, akatamka: "Wewe binti hoja unazo, lakini sauti yako ni ya muuza pweza." Kisha akawapa ushindi wale wengine. Muuza pweza! Hakueleza ni hoja ipi iliyokosa ushahidi, wala ni pingamizi lipi lililoachwa bila jibu, wala ni nani aliyevuka muda. Alisema pweza, akafunga kalamu, akaulizia chakula.

Mashindano yetu hufuata kanuni za mashindano ya dunia ya midahalo ya shule za sekondari, yale yaliyoanzia Australia mwaka 1988. Humo kila hotuba kuu hupewa alama kati ya 60 na 80, na alama hizo hugawanywa kwa maudhui asilimia 40, uwasilishaji asilimia 40 na mkakati asilimia 20. Nimepekua mafungu yote matatu usiku kucha, na pweza hayumo. Binti amelia mpaka macho yamevimba, na njia nzima ya kurudi shuleni hakuna aliyefungua mdomo garini isipokuwa dereva, naye aliuliza pweza gani.

Korosho_Ghafi:

Pole sana, mkuu. Naomba ufafanuzi kabla sijachangia: muuza pweza aliyekusudiwa ni yule wa ferini asubuhi au yule wa supu jioni? Yule wa asubuhi hupaza sauti na hushinda mnada, kwa hiyo huenda binti alisifiwa na wewe ukamkosesha sifa yake.

Mwalimu_wa_Mdahalo:

Korosho_Ghafi, sikuja hapa kuchekesha. Mtoto ameambiwa muuza pweza mbele ya mkuu wa shule.

Jaji_Mstaafu_Masasi:

Mwalimu, nimehukumu midahalo kwa miaka mingi, nami nitasema jambo ambalo halitakufurahisha. Sauti ni sehemu ya uwasilishaji, pamoja na mkao, macho na kasi ya kuzungumza, hivyo jaji ana haki ya kuipunguzia alama. Alichokosea ni kuitolea maneno ya kijiweni badala ya kumweleza mtoto kwamba alizungumza kwa sauti moja ya juu tangu mwanzo hadi mwisho, ikiwa kweli ndivyo alivyofanya.

Lakini hilo jibu la kiyoyozi unalojivunia, mimi ningelipa alama nzuri za uwasilishaji na alama ndogo za maudhui. Mifupa ilidumu kwa sababu ilikuwa imefunikwa ndani ya miamba. Ikishatolewa hupasuka na huhitaji uangalizi, na ndicho walichokuwa wakikisema wapinzani. Jaji hutakiwa kujifanya raia wa kawaida mwenye akili timamu, asiyechangia elimu yake mwenyewe katika mdahalo, na kujiuliza kama pingamizi limejibiwa au limekwepwa kwa kichekesho. Hapo lilikwepwa. Timu yako ingeweza kusema kwamba jengo hujengwa, na kwamba kukosa jengo leo si sababu ya kutorudishiwa chako milele. Je, kuna aliyelisema hilo?

Mwalimu_wa_Mdahalo:

Mzee wangu, shikamoo. Mzungumzaji wa pili alilisema neno kwa neno, ila wakati huo jaji alikuwa akijibu simu. Na hata kama lisingesemwa, pweza ametokea wapi?

Mama_Timu_Newala:

Afadhali wewe mwanafunzi wako aliambiwa ana hoja. Sisi mwaka jana, mbele ya jaji mwingine ambaye nanyi mnamjua, kijana wetu alikatwa alama kwa sababu ya lafudhi, eti Kiingereza chake kinanuka Umakondeni. Nilikwenda kuuliza ni wapi palipoandikwa kwamba mtoto wa Newala azungumze kama mtangazaji wa London, nikajibiwa kuwa uamuzi wa jaji haupingwi. Kanuni ninayoijua mimi ni kwamba lafudhi haihukumiwi, bali hutazamwa kama msikilizaji ameelewa. Tena alieleweka vizuri mno, maana waliomcheka walicheka mahali panapostahili.

Kengele_Mbovu:

Nyote mna bahati ya kupata jaji aliyekuwapo. Kwetu mgeni rasmi alichelewa, jaji akachelewa pamoja naye kwa kuwa walipanda gari moja, na hotuba za dakika nane zikapunguzwa kuwa dakika nne ili tuwahi picha. Wazungumzaji wa kwanza wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuzungumza alipoingia. Aliwapa alama hata hivyo, tena zenye nusu nusu, 68 na nusu kwa mmoja na 71 kwa mwingine, bila kusikia hata salamu zao.

Korosho_Ghafi:

Kwa kupanga madaraja ya mzigo asiouona, huyo angetufaa sana ghalani Tandahimba wakati wa msimu.

Mama_Timu_Newala:

Na hotuba ya majumuisho, ile fupi ya kufunga mdahalo, kwenu hutolewa na nani? Kwetu yule wa lafudhi alimruhusu mzungumzaji wa tatu wa wapinzani wetu kuitoa, tena akaleta hoja mpya ambayo hatukuwa na nafasi ya kuijibu.

Jaji_Mstaafu_Masasi:

Hilo, mama, ni kosa la wazi. Majumuisho hutolewa na mzungumzaji wa kwanza au wa pili pekee, kwa dakika nne, upande wa kupinga ukitangulia na upande wa kuunga mkono ukimalizia. Hoja mpya ikiletwa hapo, jaji huiacha bila kuiandika. Ulikata rufaa?

Mama_Timu_Newala:

Kwa nani, baba, wakati msikiliza rufaa alikuwa ni yeye mwenyewe?

Mwalimu_wa_Mdahalo:

Naomba turudi kwenye suala la pweza.

Kengele_Mbovu:

Subiri kidogo, mwalimu. Mzee wa Masasi, ikiwa hotuba zimepunguzwa kuwa dakika nne, majumuisho nayo yanapunguzwa kuwa dakika mbili au yanabaki nne? Wiki ijayo tunakwenda Nachingwea na waandaaji hawapokei simu.

Jaji_Mstaafu_Masasi:

Huwa ni nusu ya hotuba kuu, kwa hiyo mbili. Ila watakeni waandike kabla ya kuanza, na maswali ya katikati, yale ambayo wapinzani humwuliza mzungumzaji akiwa bado anahutubia, yasiruhusiwe katika majumuisho hata mkiombwa kwa upole.

Mama_Timu_Newala:

Nachingwea jaji ni nani?

Kengele_Mbovu:

Nasikia ni yule wa gari la mgeni rasmi.