Kutoka Dodoma kwenda kuona jumba la masultani Zanzibar

Mwana Nkuhungu: Wakuu, habari. Tupo wanne, tunataka kuona ndani ya Beit al-Sahel, jumba la masultani pale Forodhani: samani, milango, vyumba vya kulala. Siku moja inatosha?

Mpenda Nakshi: Haitoshi mkuu. Treni ya SGR hadi Dar huchukua kama saa nne, boti ya Zanzibar karibu mbili. Laleni Mji Mkongwe, muingie asubuhi. Mbele ya jumba kunatazama bahari upande wa magharibi, hivyo alasiri jua hupiga madirishani na picha hutoka nyeusi. Ulizeni kwanza kama pako wazi, maana ukarabati hufunga vyumba. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya jirani, ya 1883, msiitegemee: sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Seremala Chang'ombe: Ndani ya Beit al-Sahel, ghorofa ya chini inaonyesha kipindi cha 1828 hadi 1870. Usikose chumba cha kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Sultan Said, aliyeondoka Zanzibar 1866. Ghorofa ya katikati ni enzi ya Sultan Barghash, maji ya bomba yalipoingia. Juu kabisa ndiko kutamu: makazi ya Sultan Khalifa bin Haroub (1911–1960) na wake zake wawili, kila mmoja na samani za ladha yake. Linganisheni vyumba hivyo viwili taratibu.

Kwenye milango ya mitaani tazameni mfaa, ule mti wa katikati unaofunika ufa wa mbao mbili. Mara nyingi nakshi nzuri iko hapo. Juu pakinyooka, mtindo wa Kiarabu. Pakiwa na tao, Kihindi. Msipapase tafadhali, jasho hulisha uchafu kwenye michongo.

Mwana Nkuhungu: Asanteni sana. Tunalala usiku mmoja.